Sifa za Kiluwiluwi wa Kikuyu

Waliojengewa sanamu jijini Dodoma wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Leo ni zamu ya kiluwiluwi, mkazi wa madimbwi ya Kikuyu hapa jijini, asiye na shingo wala kiwanja, ambaye wazazi wake hutunyima usingizi mvua za kwanza zikinyesha.

Huyu anajua kuhama. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali hapa ulitolewa mwaka 1973. Waziri Mkuu alihamia 2016, Rais 2019. Kiluwiluwi hutoka majini kuingia nchi kavu bila tume wala posho ya uhamisho. Matamvua hunywea. Utumbo mrefu wa kusaga majani hubomolewa ukajengwa upya, mfupi, wa kula wadudu. Wakati huo kinywa nacho kimo matengenezoni, hawezi kula, basi mwili hujilisha mkia wake wenyewe.

Saa ya kuondoka huijuaje? Nimesema hana shingo, lakini tezi ya shingo anayo. Homoni yake husafiri na damu, huingia ndani ya seli na kushika vipokezi vilivyokuwa vimezifunga jeni, zikafunguka. Amri ni hiyo moja, lakini seli za mguu huielewa kuwa ziote, za mkia kuwa zife, na hakuna idara inayoomba ufafanuzi kwa barua. Mwaka 1912 mwanasayansi Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya farasi. Wakageuka vijivyura kabla hata hawajakua.

Wenzake wa baharini wana raha ya kusubiri. Baadhi ya mabuu ya konokono wa bahari hujizuia kugeuka kwa nitriki oksaidi inayotengenezwa mwilini mwao, wakaelea hadi wapate dalili ya mahali pazuri pa kutua. Wana bahari nzima ya kuchagulia. Wa Dodoma ana msimu mmoja wa mvua na dimbwi ambalo jua limekwisha kulipigia hesabu. Kwa vyura wa nyika kavu za Marekani imeonekana kwamba maji yakipungua, ubongo hutoa homoni ya dhiki, nayo ile ya tezi hupanda, safari ikaharakishwa.

Gharama ipo, na msifu mwaminifu haifichi: aliyeharakishwa hutoka mdogo, na mitaa ya Kikuyu ina kuku wengi.