Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori: Warudishe na Wenzangu Darasani

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Wanyamapori ya Jimbo (jina la jimbo nimelisitiri kwa heshima yako),
Marekani.

YAH: KURUDISHWA KWANGU KATIKA KOZI YA UWINDAJI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhitimu wako wa juzi, yule mwenye mvi aliyeketi safu ya nyuma huku magoti yakigonga dawati, katikati ya watoto wa miaka kumi na moja na kumi na miwili. Nimefaulu na kadi ninayo. Najua ofisi yako imejaa malalamiko ya wakongwe waliolazimishwa kusoma kozi ya usalama wa uwindaji, wakiuliza samaki anafundishwaje kuogelea. Nakuomba barua hii usiitupe kwenye rundo hilo. Yangu inakwenda kinyume.

Nijitambulishe kidogo. Kabla sijahamia huku nilikuwa mwindaji bingwa Tanzania, nikiongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji. Kwetu nyati hapigwi kwa bunduki iliyo chini ya .375, na mgeni haendi porini bila askari wa wanyamapori nyuma yake, ambaye macho yake yako kwa wawindaji zaidi kuliko kwa mnyama. Simba dume hapigwi kabla hajatimiza miaka sita. Kwa kuwa simba hatembei na cheti cha kuzaliwa, unalala kifudifudi nyuma ya kichuguu, darubini machoni, ukimsoma pua. Pua ya simba kijana ni ya waridi. Kadiri anavyokula chumvi, madoa meusi huenea hadi waridi inakaribia kumezwa. Mgeni amelipa maelfu ya dola, jasho linamtiririka, kila dakika ananong'ona, "Tayari?" Wewe unasoma madoa.

Kwa hiyo habari ya kukagua umri si ngeni kwangu. Kilichonishangaza ni kwamba kwetu anayekaguliwa umri ni simba, na kwenu ni mwindaji.

Kozi yako nilikwisha kuisoma nilipowasili Marekani, katika jimbo jingine, enzi za karatasi. Kadi ilipotea katika pilikapilika za kuhama. Majimbo yenu hutambua kadi za wenzao, hivyo karani wako, kijana muungwana sana, alipiga simu huko kuulizia kumbukumbu zangu. Akajibiwa kwamba faili halionekani. Mheshimiwa, tangu niondoke nyumbani sijawahi kujisikia mwenyeji kama siku ile.

Karani akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa, akasikitika. Ningezaliwa mapema kidogo, akasema, nisingedaiwa kozi kabisa. Hakuniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Simlaumu, sheria haimtumi kuuliza hivyo.

Nikaenda kuzisoma sheria za majimbo mengine. Colorado inamdai kozi kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949. Michigan ni 1 Januari 1960, Texas ni 2 Septemba 1971, Wisconsin ni 1 Januari 1973. Minnesota wao wanaanza na waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1979. Sasa mchukue mtu wa mwaka 1975 ambaye hajapata kugusa bunduki maishani. Akiwa Minnesota, alihitimu tumboni mwa mama yake. Akivuka mto St. Croix kuingia Wisconsin, ujuzi wote unamdondoka majini, na ng'ambo anaibuka mbumbumbu wa kupelekwa darasani.

Chanzo cha tarehe hizi nakielewa. New York iliifanya kozi kuwa ya lazima mwaka 1949, majimbo mengine yakafuata moja moja, na yalipofuata yakawasamehe watu wazima waliokwisha kuzoea pori. Uzoefu ukahesabiwa kuwa chanjo: ukishachanjwa, basi. Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wewe.

Tuje kwenye kozi yenyewe. Sehemu ya mtandaoni ina saa inayokuzuia kufungua ukurasa mpya kabla dakika hazijatimia, hivyo nilimtazama bata mmoja wa kuchorwa mpaka tukaanza kufahamiana. Darasani mambo yalikuwa mengine. Mwalimu, mzee anayejitolea bila malipo kama walimu wenu wengi, alichukua risasi ya njano ya shotigani ya geji 20, akaitumbukiza kwenye mtutu wa geji 12 uliochanwa ubavuni ili tuone ndani. Ikateleza, ikakwama mbele kidogo. Nyuma yake akaweka risasi ya geji 12. Ikakaa sawasawa, kana kwamba mbele hakuna kitu. "Ukifyatua hii," akasema, "mtutu unapasukia mkononi mwako." Ndiyo maana za geji 20 hutengenezwa za njano, mtu azitambue. Binti mmoja wa mbele akainua mkono: "Na ikiwa giza limeingia, rangi haionekani?" Mwalimu akamjibu, "Basi mfukoni mwako iwe aina moja tu, asubuhi hadi usiku." Niliwatazama watu wazima wenzangu. Wawili walikuwa wakijipapasa mifuko.

Baadaye tukatoka uwanjani na bunduki za bandia zilizopakwa rangi ya chungwa. Zoezi lilikuwa la kware: watu watatu wanatembea sambamba. Wa kushoto anapiga kushoto na mbele, wa kulia anapiga kulia na mbele, wa katikati ni mbele peke yake. Ndege akikata kwenda upande wa mwenzako ni riziki ya mwenzako. Akirudi nyuma, ni wa Mungu. Kundi moja likapungukiwa na mtu, mwalimu akamwomba babu mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake aje kujaza nafasi. Babu huyo hakuwa mwanafunzi. Alizaliwa upande wenye neema wa sheria yako, na tangu asubuhi alikuwa akitusimulia kulungu wote aliowahi kuwaangusha. Ndege wa karatasi akarushwa, akapinda kushoto. Babu akamfuata kwa mtutu, taratibu, kwa madaha ya mtu aliyelifanya jambo hilo maisha yake yote, mpaka mtutu ukasimama kifuani kwa mjukuu.

"Babu," mtoto akasema, "mimi niko hapa."

Usiniambie kwamba hayo ni ya bunduki za rangi tu. Tarehe 11 Februari 2006, kwenye ranchi ya Armstrong kusini mwa Texas, Makamu wa Rais Dick Cheney aligeuka kumfuata kware, akammiminia chembe za shotigani mwenzake wa msafara, wakili Harry Whittington, mzee wa miaka 78. Zilimpata usoni, shingoni na kifuani, na moja ikamsumbua moyo akiwa hospitalini, ingawa alinusurika. Cheney alikuwa mwindaji mzoefu wa miaka mingi. Alizaliwa mwaka 1941, kwa hiyo sheria ya Texas haikumdai kukaa darasani hata dakika moja. Alichokosea ni somo lile lile la watu watatu, ambalo mtoto wa miaka kumi na moja hulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Onyo aliloandikiwa na idara ya wanyamapori lilihusu leseni yake kukosa stempu ya ndege ya dola 7. Kwa hiyo stempu, angalau, zilikuwa na mlinzi.

Mazoea hujenga tabia, Mheshimiwa, ila hayaulizi ni tabia gani. Kuruta anaiogopa bunduki, hivyo hufikiri kabla ya kuinua. Mkongwe huinua kwanza, na kwa miaka mingi hakuna linalotokea, naye huuita ukimya huo ujuzi. Sisi tuliozeeka na bunduki ndio wa kukaguliwa mara kwa mara. Wewe umewasamehe wengi wetu, ukawabana watoto.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, futa tarehe ya kuzaliwa. Kila mwenye leseni, awe wa 1945 au wa 2005, arudi baada ya kila miaka michache kwa nusu siku tu: kuvuka ua bunduki ikiwa tupu, kutembea watatu, kupanda na kushuka jukwaa la mtini akiwa amefunga mkanda.

Pili, dakika za yule bata wa mtandaoni zihamishiwe uwanjani.

Tatu, usiniambie hakuna bajeti. Tangu mwaka 1937 sheria ya Pittman–Robertson inaielekeza kwenye wanyamapori kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, na mwaka 1970 ilirekebishwa ili sehemu ya fedha za sheria hiyo igharimie mafunzo ya wawindaji. Kodi hiyo imo ndani ya bei ya kila pakiti ninayonunua. Nimekwisha kuwalipia karo wakongwe wengi. Naomba niwaone wakisoma.

Natambua uzito wa ombi la kwanza. Wakongwe hao ndio wapiga kura, ndio wanaojaza mikutano yako ya hadhara, na hakuna mwanasiasa atakayethubutu kuwaita wanafunzi. Basi usiwaite hivyo. Waandikie barua ya heshima, uwaambie kwamba jimbo linahitaji wazee wenye hekima waje kuwaonyesha vijana uwindaji unavyofanywa. Watakuja wote, tena mapema, na kofia zao bora. Wakishafika, wape bunduki za rangi ya chungwa, uwapange watatu watatu, halafu mwite yule mjukuu awe msimamizi.

Naomba kuwasilisha.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Mwindaji mwenye kadi mpya