Barua ya wazi kwa Mhashamu Baba Askofu: naliombea jina Svetlana

Mhashamu Baba Askofu,



Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, na baada ya kukuomba radhi kwa kukufikia kupitia gazeti, naomba dakika chache za muda wako, ambao najua jimbo zima linaugombea. Nimekuja kuliombea jina la mtoto mmoja.

Binti wa kaka yangu anaandaliwa kupokea Kipaimara mikononi mwako, nami ni msimamizi wake. Anaitwa Svetlana, jina la bibi yake, mama yetu mzazi, aliyemfuata baba huku kutoka Urusi baba alipohitimu udaktari. Kwetu mjukuu kumrithi bibi jina ni jambo la kawaida, wala hakuna aliyehoji siku alipozaliwa. Sasa ameelekezwa achague jina jingine, kwa maelezo kwamba hakuna mtakatifu aitwaye Svetlana na kwamba jina lenyewe ni la wakomunisti. Waliosema hivyo ni watumishi wako waaminifu, na najua wanalipenda Kanisa. Naomba tu, Baba, usikie na habari za jina hili kabla ya kuamua.

Ni kweli si la kale. Lilitungwa na mshairi Alexander Vostokov katika shairi lake Svetlana na Mstislav la mwaka 1802, kutokana na neno la Kirusi svet, yaani nuru. Vostokov alizaliwa mwaka 1781 katika familia ya Kijerumani kwenye kisiwa cha Saaremaa, Estonia ya leo, na umri wake mwingi aliutumia kuchunguza maandiko ya kale ya Kislavoni. Mwaka 1843 alichapisha Injili ya Ostromir, ambayo shemasi Grigori aliinakili kwa mkono mwaka 1056 na 1057. Mtu aliyelibuni jina hili, Mhashamu, ndiye aliyeipitia Injili hiyo neno kwa neno ili wengine waweze kuisoma.

Aliyelisambaza ni Vasily Zhukovsky, kwa utenzi wake Svetlana uliochapishwa mwaka 1813. Alichukua kisa cha Mjerumani Gottfried August Bürger, kiitwacho Lenore, ambamo msichana anamkufuru Mungu kwa uchungu wa mchumba asiyerudi vitani, kisha maiti ya mchumba inakuja kumbeba hadi makaburini. Zhukovsky akakigeuza. Svetlana wake anaketi mbele ya kioo na mshumaa usiku wa mkesha wa Epifania, akipiga ramli. Hilo sikufichi, Baba, maana najua Kanisa linavyolikataza. Lakini usingizi unamchukua, na ndotoni, akiwa peke yake kibandani na maiti, anaanguka mbele ya picha takatifu na msalaba mkononi, na njiwa mweupe anamjia na kumkinga kwa mabawa yake. Anapoamka, mchumba wake anarudi akiwa hai. Warusi wakalipenda jina kwa sababu ya msichana huyo aliyeomba.

Hata hivyo hawakuweza kuwabatiza binti zao kwa jina hilo, kwa kuwa Kanisa la Kiorthodoksi lilitoa majina kutoka kalenda ya watakatifu, na Svetlana hakuwemo. Lilienea baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, uandikishaji wa watoto ulipohamia ofisi za serikali. Hapo ndipo dhana ya ukomunisti inapotokea, nami naielewa, hasa kwa kuwa hata binti wa Stalin, aliyezaliwa mwaka 1926, aliitwa Svetlana. Lakini jina lilikuwa limeishi zaidi ya miaka mia moja kabla ya wakomunisti kushika dola. Na binti huyohuyo wa Stalin, Mhashamu, alipokuwa akiishi Cambridge, Uingereza, alipokelewa katika Kanisa letu Katoliki, Desemba 1982.

Waorthodoksi wenyewe walipata njia. Svetlana akifika kwenye kisima cha ubatizo huitwa Fotina, jina la Kigiriki litokanalo nalo na nuru. Kwa mapokeo, Fotina ndiye yule mwanamke Msamaria aliyezungumza na Bwana kisimani katika sura ya nne ya Injili ya Yohane. Si mgeni kwetu: Martirolojia ya Kirumi ilimtaja kwa muda mrefu tarehe 20 Machi. Na Mtakatifu Lusia wa Sirakusa, ambaye akina mama wengi jimboni mwako wanabeba jina lake, anaitwa nuru kwa Kilatini.

Sithubutu kukufundisha sheria ya Kanisa ambayo wewe ndiye mwalimu wake. Naikumbuka tu kwa unyenyekevu kanuni ya 855, inayowataka wazazi, wasimamizi na paroko wasitoe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Sioni ugeni huo katika nuru. Hata sheria ya zamani ya mwaka 1917, iliyokuwa kali zaidi, ilimwelekeza paroko aliyeshindwa kuwashawishi wazazi aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Haikumwambia afute.

Kwa hiyo, Mhashamu Baba Askofu, ikiwa busara yako itaona mtakatifu lazima aandikwe, nakuomba kwa magoti Fotina aandikwe kando ya Svetlana. Cheti chake cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitabu cha ubatizo vitaendelea kukubaliana, na mama yetu, ambaye sasa ni mzee, hataambiwa kwamba jina lake halikufaa kwa mjukuu wake.

Siku hiyo nitasimama nyuma ya mtoto, mkono wangu wa kulia begani mwake, na itanipasa kukutajia jina lake. Naomba kibali chako nikutajie Svetlana.

Wako mtiifu katika Kristo,
Shangazi na msimamizi wake