Kwa Kuwa Leo Upo

Koo lilikuwa limenikauka kwa kushangilia na magoti yakiniuma kwa kurukaruka jukwaani, nikatangaza nyumbani kwetu Tabata kwamba wikiendi hii siendi Kwa Mkapa. Simba yangu, Mnyama, atacheza bila mimi. Uwanja ule una viti 60,000. Kimoja kikibaki wazi, nani atajua?

Uwanjani hawakujua. Mtaani walijua wote.

Asubuhi nikiwa bado kitandani, mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaanza: "Kwa kuwa leo upo..." Kumbe nyumba ilikuwa inanisubiri tangu ligi ianze. Koki ya bafuni inavuja. Bawaba za mlango wa jikoni zimelegea. Banda la kuku limeezuka upande mmoja, na jogoo, ambaye hajawahi kuniona Jumamosi mchana, alinirukia akidhani ni mwizi.

Nikakimbilia koki. Niliikaza kwa spana, ikakatika, maji yakaruka mpaka darini. Nikatoka mbio kufunga bomba la nje, nikalifunga kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa la jirani. Akatokea na taulo kiunoni, povu limejaa usoni, huku bafuni kwangu mafuriko yanaendelea.

Jirani huyu ni mtu wa Jangwani, shabiki wa Yanga. Aliponitambua hasira zikamwisha. "Simba inacheza na wewe upo nyumbani? Basi unaumwa!" Kisha akanikumbusha, kama wanavyokumbushaga wote, kwamba Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, kwa hiyo yeye kama kaka ana wajibu wa kunijulia hali. Nikamwambia kwetu watoto waliopishana mwaka mmoja huvalishwa nguo sare, hakuna kaka hapo. Hakunisikia. Alishaanza kusambaza habari za ugonjwa wangu.

Kabla ya adhuhuri mama wa genge aliniletea uji wa ulezi. Shangazi akafika kutoka Mbagala na machungwa, na nyuma yake msururu wa binamu. Akanishika paji la uso, akakuta jasho la banda la kuku, akatamka kwamba homa ni kali. Wageni hawalali njaa, kwa hiyo alihitajika mtu wa kwenda dukani kuchukua mchele na soda. Akatumwa mgonjwa.

Mechi ilipoanza nikawasha televisheni. Shangazi akaizima, eti kelele zinapandisha homa. Goli la kwanza nililisikia kutoka kibanda umiza cha pale kona: mtaa mzima ulilipuka, na mimi nimekaa na kipande cha chungwa mdomoni, sijui kafunga nani.

Kwa Mkapa jua linakuchoma na getini unasukumwa, lakini dakika 90 zikiisha, na zile za nyongeza, refa anapuliza filimbi, kila mtu kwao. Nyumbani hakuna filimbi. Mapumziko ya dakika 15 hakuna, wala mchezaji wa akiba wa kumwingiza ukichoka. Jumapili tuliendelea na banda la kuku.

Tiketi ya mechi ijayo nimeshakata. Mwenye kumjua fundi bomba mzuri maeneo ya Tabata, tafadhali awasiliane na mke wangu. Mimi sitakuwepo.