Kulipia Baridi

Wazo halikuwa langu. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu kwenye vikao vya familia kisa hiki sasa kinasimuliwa kana kwamba ni mimi niliyemkokota mume wangu mpaka Usambara. Baba Zuhura ndiye aliyerudi kazini jioni moja ya Mei, akavua viatu mlangoni, akatangaza kuwa daktari amemwambia presha yake inapanda kwa sababu hapumziki. Tiba ni kimya. Mahali ni Lushoto, wiki ya Sabasaba. Malazi ni nyumba ya mbao pembeni mwa msitu, yenye meko ya kuotea moto sebuleni. Alikuwa ameshaipata kwenye simu na ameshatuma nusu ya malipo.

Picha zilikuwa nzuri, simnyimi haki yake. Kibaraza kinachotazama misonobari, ukungu umelala bondeni, kikombe cha chai kinafuka juu ya kigogo, na mbele ya meko ngozi ya kondoo nyeupe pe, kitu ambacho mtu mwenye watoto wawili hana biashara nacho. Sisi tunakaa Tabata. Kipupwe kikiingia watu wa Dar huvaa sweta alfajiri na kulalamika kwamba wanaganda. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Magamba, ilipo hiyo nyumba, unapanda zaidi ya hapo. Usiku wa Julai huko baridi inaweza kuteremka chini ya nyuzi 10. Nikamwambia hayo. Akasema ndiyo maana kuna meko.

Alikuwa na historia pia. Mtu anayetaka kugusa hela ya akiba huwa hakosi historia. Wajerumani, akanieleza, waliuita mji ule Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakawa wanapanda huko kukimbia joto na homa za pwani. "Sasa mzungu wa wakati ule alijua thamani ya baridi, sisi tunashindwa nini?" Nikamjibu kwamba yule mzungu alibebewa mizigo. Hakusikia.

Mpango ulikuwa wa watu wanne: sisi wawili na watoto. Ungebaki hivyo kama Hamisi, mdogo, hangepigiwa simu na bibi yake aliyeko Muheza na kumweleza kwamba baba anatupeleka milimani kulala kwenye kibanda cha mbao na kuota moto.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mama mkwe wangu ni Msambaa wa Soni. Aliolewa akateremka tambarare, na hajawahi kusema kwamba anaikumbuka baridi. Alipiga simu usiku huohuo, na kwa kuwa mume wangu huongea na mama yake kwa sauti ya spika, nilisikia yote.

"Baba, unalipia baridi?"

"Mama, ni mapumziko."

"Mimi nimelala kwenye moshi mpaka siku niliyoolewa. Nilidhani nimetoka. Kumbe mwanangu ananirudisha, tena kwa hela."

Baba Zuhura akacheka kidogo, kile kicheko cha kumpoza mzazi. Ndipo mama akafika kwenye hoja yenyewe. Mjomba Athumani, kaka yake wa tumbo moja, ana nyumba ya vyumba vinne palepale Lushoto. Sasa mpwa wake apite mlangoni kwake na gari, aende akalale kwa mtu baki na kumlipa, watu wamwone, mjomba apate habari hizo sokoni? "Utamwambia nini mjomba wako?"

"Tutapita kumsalimia, mama."

Kwenye familia hii hakuna salamu iliyowahi kuchukua chini ya siku nzima na kuku mmoja. Nilijua pale pale kwamba kimya kimepungua.

Mama akaamua kufuatana nasi, ili awepo wa kulieleza jambo hilo kwa heshima. Kwa kuwa magoti yanamsumbua, wifi yangu akaja kumsaidia. Wifi akija anakuja na mwanawe. Na kwa kuwa sasa tumekuwa watu wengi, dada wa kazi niliyekuwa nimempa likizo akaombwa aahirishe, naye akakubali kwa uso ambao bado unanidai. Mume wangu alikuwa amefungua kundi la WhatsApp kwa ajili yetu wawili na mwenye nyumba. Haikupita muda humo ndani kulikuwa na watu wanaouliza ni kiasi gani kila mmoja anachangia, na shangazi mmoja wa Handeni aliyetaka kujua harusi ni ya nani. Mwenye nyumba aliongeza bei kwa kila kichwa. Hilo sikumlaumu.

Kisha ikaja orodha ya vitu. Badala ya kumuuliza mama yake, ambaye alikulia kule, Baba Zuhura aliitoa kwenye intaneti, na ilikuwa imeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya milima yao. Taa ya kufunga kichwani. Soksi za sufu. Peremende laini za kuchoma kwenye moto. Dawa ya kumpulizia dubu. Nikamuuliza dubu wa Usambara anakaa kijiji gani. Akaukata ule mstari, akaandika juu yake "dawa ya mbu", kwa sababu orodha ilikuwa na namba na hakutaka kuiharibu. Msitu wa Magamba una mbega, wale wenye manyoya meusi na mashuka meupe mabegani, na una vinyonga wenye pembe wasiopatikana popote nje ya milima ile. Mnyama mkali tuliyekutana naye safari nzima alikuwa jogoo wa mjomba.

Sehemu ya chakula kwenye orodha ilisisitiza kwamba milimani maduka yako mbali, kwa hiyo mboga zibebwe kutoka nyumbani. Mtu mzima, mwenye shahada, akaenda soko la Ilala alfajiri akarudi na tenga: kabichi, karoti, viazi, hoho. Nilisimama nikalitazama lile tenga likipakiwa, na sikusema kitu, kwa sababu nilitaka aseme mama.

Tulimpitia Segera, alikoletwa na kijana wa jirani. Noah ilikuwa imejaa, tenga likawekwa nyuma ya kiti chake. Hatukwenda mbali akauliza ni nini kinamchoma mgongoni. Wifi akachungulia. "Karoti, mama."

"Karoti za wapi?"

Kimya.

"Nauliza, zimenunuliwa wapi?"

"Ilala," akasema Baba Zuhura, macho barabarani.

Kila anayenunua mboga Dar anajua malori yanayozileta yanashuka kutoka wapi. Kabichi na karoti za Lushoto husafirishwa usiku, zifike sokoni kabla ya jua. Zile zetu zilikuwa zimeteremka kilomita mia tatu na ushei, zimelipiwa dalali, ushuru na muuzaji, na sasa zilikuwa zinarudi kwao kwa gari dogo. Mama alicheka mpaka Korogwe. Akinyamaza kidogo anasema "Ilala!", anaanza upya.

Kutoka Mombo barabara inapanda kilomita thelathini na kitu, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, kona juu ya kona, na basi linalokuja mbele hupiga honi kabla hujaliona. Watoto walitapika kwa zamu. Masikio yaliziba. Mama aliyehamishiwa kiti cha mbele alikuwa ameshusha kioo anasalimia watu wa kila kijiji kwa Kisambaa, na tulipofika Soni akataka gari lisimame ashuke amsalimie mtu aliyesoma naye. Tuliingia Magamba magharibi inaingia. Mlinzi alitukabidhi ufunguo, akatuonyesha kuni, akaenda zake.

Kuni zilikuwa zimerundikwa kibarazani, nyumba inatazama bonde, na bonde linatema ukungu. Zilikuwa nzito kama zimechotewa maji. Baba Zuhura akapiga magoti mbele ya meko na taa yake kichwani. Magazeti yakawaka, vijiti vikafuka, kisha moshi wote, badala ya kupanda kwenye dohani, ukageuka ukaja sebuleni kutusalimia. Akaongeza mafuta ya taa. Moshi ukaongezeka. Wifi akapepea kwa sinia. Haukupita muda familia nzima ilikuwa nje kwenye kibaraza, tumejifunika khanga na mashuka ya kukodi, tunakohoa, meno yanagongana, huku ndani ya nyumba tuliyoilipia moshi umekaa raha mustarehe kwenye makochi.

Mume wangu akaja na wazo la pili. Tulikuwa na jiko la mkaa la kupikia; basi tuliwashe, tuliingize chumbani, tufunge madirisha, tulale. Mama alisimama, magoti yake yote mawili.

"Hilo jiko lisivuke huo mlango."

Akasema pole pole, wala hakuwa anacheka tena. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ambayo haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kuzuia hewa nzuri isibebwe. Mtu anasikia usingizi tu, kichwa kinauma kidogo, anaona ni uchovu wa safari, analala. Kwao, alisema, watu wamezikwa hivyo wakati wa baridi, mume, mke na mtoto, milango imefungwa vizuri kwa ndani. Wale wanaoleta maskhara na jiko la mkaa chumbani wajue hapa peke yake ndipo mama mkwe wangu hakuwa na utani.

Tulikuwa bado tunatazamana pikipiki ikanguruma getini. Mjomba Athumani. Hakuna aliyempigia, wale watu wa Soni walitosha. Nyuma yake pikipiki ya pili, wanawe wawili na mzigo wa kuni za miwati, kavu kiasi kwamba ukizigonga zinalia. Nilimtazama Baba Zuhura ajiandae kujieleza. Mjomba hakumuuliza kitu. Alisalimia wote kwa mpangilio, kuanzia dada yake, akaulizia afya za waliobaki Muheza mmoja mmoja, halafu ndipo akaingia ndani kwenye moshi.

Ujanani alijenga na mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba za zamani za mji ule, ambazo nyingi zina meko. Akaondoa zile kuni mbichi, akaingiza mkono kooni mwa dohani, akatafuta, akavuta chuma fulani. Kikalia kwa kutu. Ndani ya dohani kuna kifuniko, akasema, hufungwa watu wakiondoka ili baridi na popo wasiingie. Mkiwasha kikiwa kimefungwa moshi uende wapi? Kisha akakunja gazeti, akaliwasha, akalishika juu kabisa pale kooni mpaka likamkaribia vidole. Hewa ya baridi ni nzito, imejaa kwenye dohani kutoka juu mpaka chini. Usipoipasha kwanza ikapanda, hata kifuniko kikiwa wazi moshi utarudi kwako. Gazeti likavutwa juu kwa mlio. Akapanga vijiti, akapanga miwati, na moto ukakaa.

Tukaingia, madirisha wazi, tukaota. Mjomba akaketi. Mkewe akafika na sufuria. Majirani wa mjomba wakafika kumwona dada aliyeolewa chini. Cheche moja ikaruka kwenye ngozi ya kondoo, ikafanya tundu la ukubwa wa sarafu, na Hamisi akalichunguza kwa kijiti likawa kubwa zaidi.

Siku zilizofuata sitazimaliza. Kinyonga mmoja mwenye pembe alijitokeza kwenye pazia la jikoni na dada wa kazi akapita dirishani. Wifi alibandika maharage asubuhi yakaliwa usiku, kwa kuwa kwenye mwinuko ule maji huchemka kwa nyuzi kama 94 tu na maharage yanadai muda wao. Mama alikuwa amemwambia ayaloweke tangu jana yake. Baba Zuhura alitoroka peke yake mara moja, akaenda Irente, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mombo ikalala chini mpaka macho yachoke. Alikipata kimya hatimaye. Pale ukingoni simu ikashika mtandao na ujumbe wa ofisini wote ukaingia kwa mpigo. Alirudi amejibu karibu nusu.

Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumehamia kwa mjomba, kwa sababu kwenda na kurudi kula kulikuwa kunatumalizia mafuta. Nyumba ya mbao ilibaki imelipiwa na imefungwa, na lile tenga, isipokuwa viazi, limeachwa kwa mlinzi, ambaye alitushukuru kwa adabu na kutuonyesha shamba lake la kabichi. Mwenye nyumba alikata hela ya ngozi kwenye amana. Ilikuwa haki yake, ingawa bei aliyotaja ni ya kondoo mzima.

Mwezi wa Agosti Baba Zuhura alipimwa tena na presha ilikuwa imeshuka. Yeye anasema ni hewa ya milimani. Mama anasema ni bada ya mke wa mjomba. Desemba tunakwenda tena; nyumba za kukodi hazikutajwa, mjomba amepaka chumba rangi, na orodha ya vitu anaiandika mama.