Faili Langu Liko Mezani

Kwa:
Balozi Josephine Montilyet,
Sista Leliana, Mkuu wa Ujasusi,
Kamanda Cullen Rutherford,
Chumba cha Meza ya Vita,
Ngome ya Skyhold, THEDAS.

YAH: KUSUBIRI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkubwa wenu. Natanguliza hilo kwa sababu, kwa jinsi ninavyohudumiwa, huenda limewatoka akilini. Ni nyinyi mlionipandisha ngazi za ngome siku ile, Sista Leliana akiwa ameushika upanga mikononi, Kamanda Cullen akiwaamsha watu uwanjani mpaka wakaitikia kwa kishindo. Niliupokea ule upanga, nikauinua juu, nikajiona nimefika. Hakuna aliyeninong'oneza kwamba kazi ya kwanza ya mkubwa wa Skyhold ni kukaa kwenye benchi.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajafika kwenu, nieleze kidogo. Skyhold ni ngome ya mlimani katika gemu liitwalo Dragon Age: Inquisition, lililotoka Novemba 2014 na kutangazwa Gemu la Mwaka kwenye The Game Awards mwaka huohuo. Mbingu imepasuka, mapepo yanadondoka, na mchezaji ndiye anayeongoza juhudi za kuiziba. Anazunguka na upanga au fimbo ya kichawi, anaua mazimwi, na akirudi nyumbani anaingia chumba chenye meza kubwa iliyotandikwa ramani ya Ferelden na Orlais. Juu ya ramani kuna kazi: bwana mkubwa fulani apelekewe barua, barabara isafishwe majambazi, mtu aliyepotea atafutwe. Unasoma, unamchagua mshauri mmoja kati ya watatu, kisha saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma. Robo saa. Saa nzima. Saa nane, na hapo nina maana ya muda wa saa nane, si saa nane ya mchana. Laiti ingekuwa hiyo ya mchana. Nyingine hukaribia kutwa kucha.

Na hizo si saa za hadithini. Ni saa hizihizi za ukutani kwangu, zinazonizeesha. Ukizima kompyuta ukaenda kazini, zinaendelea. Umeme ukikatika, zinaendelea. Mtaa mzima uko gizani, friji limenyamaza, jirani anauliza kwa sauti kama ni kwake tu, lakini huko Orlais barua ya Balozi Josephine inapanda milima. Kwa uchapakazi huo, hongereni sana.

Nawapongeza pia kwa utaratibu wa madirisha. Mna askari wa kujaza bonde, majasusi kila mji, jamaa katika kila kasri, ila kila mshauri hushika kazi moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo taasisi inayotegemewa kuokoa dunia ina madirisha matatu, karani mmoja kila dirisha, na karani akishaanza kushughulikia barua ya shukrani ya tajiri wa Orlais, anayevamiwa na mapepo avute subira. Niliposoma masharti hayo mara ya kwanza nilihisi joto la nyumbani. Nilitafuta kwa macho feni mbovu na kalenda ya mwaka juzi.

Ila kuna jambo ambalo hata ofisi za kwetu hazijalifikia. Kwetu, ukiambiwa mhusika ametoka, walau ametoka kweli. Kama si kikao ni msiba, kama si msiba ni chai. Nyinyi mko kazini na hamjatoka. Nilimtuma Kamanda Cullen kwenye shughuli ya saa kadhaa, nikapanda mnarani kwake kuhakikisha, nikamkuta amesimama ofisini, mzima wa afya, tayari kwa mazungumzo. Tuliwahi hata kucheza sataranji bustanini, mimi na yeye, huku saa yake pale mezani ikiendelea kutembea. Balozi yuko kwenye dawati lake. Sista yuko juu na kunguru wake. Sasa anayechelewesha kazi ni nani? Kunguru?

Nielewe basi kwamba mambo makubwa yanahitaji muda. Sawa. Lakini mambo makubwa kwenu ndiyo hayana muda! Corypheus, mchawi wa kale aliyeitoboa mbingu na anayetaka kujifanya mungu, hana saa. Hadithi nzima inanihimiza: haraka, dunia inaangamia. Nami nimewahi kuiacha dunia ikiangamia kwa wiki mbili, nikawa nachuma majani ya dawa kule Hinterlands, nikapanda farasi, nikamsaidia kila mwenye shida ndogo, na niliporudi Corypheus alikuwa palepale nilipomwacha. Muungwana kabisa. Shughuli za kwenda kupambana naye zinalipiwa kwa pointi za nguvu na kuondoka papo hapo. Ila kumwomba mtu fulani wa nchi ya Antiva atuuzie kitambaa, rudi kesho.

Na kurudi kwenyewe! Kazi ikiisha, matokeo hayamfuati mtu. Niko porini, nimezungukwa, nina majeraha, muda wa kazi ya mezani umekwisha, lakini siwezi kujua kimetokea nini mpaka nifunge safari ya kurudi Skyhold. Nisubiri skrini ipakie. Nivuke ukumbi mkuu, nipite ofisini kwa Balozi, nifuate ule ujia wenye ukuta uliobomoka (nao tangu nihamie unasubiri fundi), nisukume milango mikubwa, niinamie meza, nibonyeze, nisome. Sista Leliana ana ndege wa kupeleka siri katika falme zote za dunia, na hakuna hata mmoja wa kuniletea mimi karatasi. Nasoma: kazi imefanikiwa, wahusika wanashukuru, pokea fedha kidogo na upanga. Upanga huo ni dhaifu kuliko ule nilioutupa juzi.

Nilishauriwa na wazoefu niajiri mawakala zaidi, maana kila wakala anapunguza muda wa mshauri wake. Nikawatafuta, nikawashawishi, nikawaajiri. Muda ukapungua kweli. Umepungua kama bei ya mafuta inavyopunguaga.

Kwa hiyo nikajifunza kuishi na meza. Kazi fupi nazipanga jioni ninapocheza. Ndefu naziweka dakika ya mwisho kabla ya kulala, kama mama anavyoloweka maharage usiku. Kuna asubuhi nimekaa kwenye daladala, nimebanwa kati ya begi la mwanafunzi na kuku wa mtu, nikajikuta natabasamu: Sista atakuwa amemaliza sasa hivi. Mwajiri wangu halisi angejua ninavyofuatilia ratiba za wafanyakazi hewa kuliko zake, nisingekuwa na kazi ya kuniwezesha kulipia umeme wa kuwaongoza nyinyi.

Hapo nilikuwa bado nacheka. Niliacha kucheka kwa ajili ya ukoo wa Lavellan.

Mchezo wangu wa kwanza niliingia kama mhusika wa jamii iitwayo "elf", na "elf" wa aina yangu wana koo. Ukoo wangu, Lavellan, unaishi karibu na mji wa Wycome, mbali, mahali ambapo gemu lote halina njia ya kunifikisha. Sikuwahi kuwaona hata mmoja. Hawana sura wala sauti. Wanaishi mezani tu, kwa barua. Ikaja barua kwamba wako hatarini. Nikachagua mshauri (jina silitaji, tunakutana ukumbini), nikaona muda, nikaenda kulala. Zikafuata nyingine, kila moja na saa zake. Nikiwa kazini nawawaza. Nikiwa sokoni nawawaza. Mwisho nikavuka ukumbi, nikapita ujia wenye ukuta uliobomoka, nikabonyeza, nikasoma kwamba ndugu zangu wote wameuawa. Aya chache, na kitufe cha kufunga. Kwamba nilikosea kumchagua mshauri, nilikuja kuelewa baadaye. Siku ya kuchagua, kila mmoja wenu alikuwa na sentensi yake nzuri ya kujiamini.

Nakiri, waheshimiwa: ile barua isingeniuma kama ingekuja hapohapo. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeingoja. Nilikaa kimya mbele ya skrini muda mrefu, na nikafahamu kwamba aliyebuni meza hii hakuwa mjinga. Kuna kitu alikitafuta, na kwa ukoo wa Lavellan alikipata: barua kutoka mbali, yenye habari ambayo imekwisha kutokea kabla hujaifungua. Basi kwa nini akautumia utaratibu huohuo kwa kitambaa cha Antiva?

Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 12, aliniona nimekaa hivyo siku nyingine.

"Mjomba, mbona huchezi?"

"Nacheza."

"Sasa unafanya nini?"

"Nasubiri barua."

Akaangalia saa inayorudi nyuma, akaelewa papo hapo, maana kwenye simu anajenga kijiji cha vita ambako nako kila jengo lina saa zake. "Si ununue almasi, mjomba? Unalipa, inaisha sasa hivi."

Nikamweleza kwamba hapa haziuzwi. Hakuamini. Akatafuta kitufe mwenyewe, kona zote za skrini, hakukiona, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa na mtoto.

Hapo ndipo kwenye kiini cha malalamiko yangu. Gemu za Facebook na za simu zilizoibuka tangu miaka ya FarmVille, mwaka 2009, na Clash of Clans, mwaka 2012, zinakuwekea saa kwa sababu ileile inayomfanya karani alifiche faili: ili utoe kitu kidogo. Si vizuri, ila inaeleweka. Kuna mtego, kuna bei, mnaangaliana machoni, mnamalizana. Nyinyi mlilipwa chote mlangoni, siku niliponunua gemu. Hamuuzi almasi. Hamli rushwa. Mnanikalisha kwenye benchi bure, kwa moyo safi. Mwananchi aliyelelewa kwenye foleni zetu anajua la kufanya mbele ya ofisi mbovu. Mbele ya ofisi inayochelewesha bila tamaa hana silaha. Nimpe nani? Balozi atanirudishia na barua ya heshima.

Basi nikahonga saa yenyewe.

Nakiri kosa hili hadharani. Mlinitazama mkiwa mmesimama kuizunguka meza, nikatoka, nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikaisogeza tarehe mbele siku moja. Niliporudi, kazi zote tatu zilikuwa zimeisha. Milima imevukwa, majambazi wamekamatwa, kitambaa kimefika. Hakuna aliyeuliza. Ujasusi wote wa Sista Leliana, unaojua Malkia wa Orlais amekula nini, haukugundua kwamba Jumanne imeruka ikawa Jumatano.

Iliyogundua ni dunia yangu. Baadhi ya tovuti zikakataa kunifungulia, zikidai saa yangu haiaminiki. Kalenda ikanipigia kengele ya kikao ambacho hakijafika. Nikawa mtu aliyeweza kuamuru majeshi ya falme mbili, lakini hawezi kufungua barua pepe yake mwenyewe. Nikairudisha saa kwa aibu, nikazima, nikaenda kulala mapema.

Naomba yafuatayo yatazamwe, na sina haraka, nimeshazoea. Kazi zenye uzito, kama ile ya ndugu zangu, ziacheni na saa zake. Huko kusubiri ni sehemu ya maumivu, na maumivu nilijitakia. Hizi za vitambaa na shukrani zimalizwe hapohapo, au karani apewe mafaili matano kwa mpigo kama binadamu wengine. Na kunguru mmoja, Sista. Nimehesabu kwa macho, mnao wengi. Mmoja tu, anifuate porini na karatasi mguuni. Chakula chake nitagharamia.

Naandika haya saa tano na dakika kumi usiku. Nimeloweka kazi tatu. Ya Kamanda itaiva kabla ya adhana ya alfajiri, ya Sista nikiwa kwenye daladala, na ya Balozi nitaikuta imeiva ikiwa nitachelewa kutoka kazini kesho, jambo ambalo bosi wangu wa huku ameshalihakikisha.

Naomba kuwasilisha.

Ndimi mtumishi wenu, ingawa cheo kinasema vingine,

MKUU WA SKYHOLD

Nakala:
Fundi wa ukuta wa ujia.
Corypheus, kwa taarifa. Najua hana haraka.