Mafuta ya Bure

Huku kwetu Bodo, kupauka ni aibu kubwa kuliko deni la dukani. Deni kila mtu analo. Lakini mtoto akipita njiani na magoti meupe, hatafika shuleni kabla ya mama wa watu kumshika mkono na kumuuliza kama kwao hakuna mafuta. Bibi yangu hakutaka swali hilo liulizwe mlangoni pake. Alikuwa akikuna nazi kwenye mbuzi, akikamua tui, akilichemsha mpaka maji yakauke, na mafuta yaliyobaki alitupaka wajukuu wote kuanzia utosini hadi nyayoni. Tulikwenda shule tunateleza.

Wenzangu walipobaleghe waliota ndevu. Mimi uso wangu ulifungua kiwanda cha mafuta, bila nazi wala kuni, na hakijawahi kufungwa hata sikukuu. Naamka alfajiri paji la uso linang'aa. Ikifika saa nne simu haikitambui tena kidole changu, kwa sababu kidole hicho kimepita puani. Ilipohitajika picha ya pasipoti, mpiga picha mmoja wa Ukunda alinifuta kwa karatasi, akapiga, akatazama, akanifuta tena, akapiga. Mwishowe alizima taa zake. "Kaka," akasema, "wewe umekuja na yako."

Mafuta peke yake ningeyavumilia. Shida ni wanaoyafuata. Chunusi hupenda mahali penye mafuta na tundu zilizoziba, na mimi nimeziandalia vyote viwili, pamoja na hali ya hewa. Bodo iko kusini ya Msambweni, mkabala na kisiwa cha Funzi, kati ya mikoko na maji ya chumvi. Kaskazi inapolegea, mwezi wa Machi, kabla masika hayajaanza, upepo husimama kabisa. Jasho linatoka lakini halina pa kwenda, maana hewa yenyewe imeshalowa. Unatoka kuoga na hujui kama umejifuta.

Mwaka 1970 watafiti wa Uingereza, William Cunliffe na wenzake, walipima jambo hili wakaona kwamba joto la ngozi likipanda kwa digrii 1, mafuta yanayotoka huongezeka kwa karibu asilimia 10. Nami nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, penye kiyoyozi, kisha jioni napanda matatu ya Lunga Lunga, nimebanwa kati ya gunia la maembe na injini. Hesabu ya Cunliffe nimeifanya mara nyingi nikiwa humo ndani, na majibu yake yananitiririkia shingoni. Marekani ilipokuwa vitani Vietnam, baadhi ya askari wake walipata chunusi za joto mgongoni na matakoni, mbaya kiasi cha kuondolewa katika mapigano. Habari hizo nilimsomea meneja wangu kwa sauti. Alisema Vietnam hakuna wageni wa saa nane mchana.

Kijijini, uso wa mtu ni mali ya umma. Hakuna anayekuamkia bila kukuagiza dawa. Mzee mmoja, nikishampa shikamoo yake, hunielekeza baharini: maji ya chumvi, asubuhi, kabla jua halijatoka. Shangazi anataka nichemshe majani ya mwarubaini, dawa chungu ambayo kwetu imetibu kila kitu isipokuwa umaskini. Na fundi wa mashua, ambaye hatuna undugu wowote, aliniita siku moja pale mashua zinapopandishwa pwani, akaniambia kwa huruma kwamba ninajiosha mno. "Chombo kisichopakwa sifa hupasuka," akasema, na mikono yake bado inanuka mafuta ya ini la papa.

Vijana wa boda hawana habari na majani. Wao wana dawa moja.

"Oa," wananiambia.

"Mbona fulani ameoa na zake zimezidi zangu?"

"Huyo anahitaji wa pili."

Nyumbani Bibi alikuwa na liwa. Alikisugua kipande cha msandali juu ya jiwe kwa maji ya marashi, polepole, mpaka ukapatikana ujiuji, akanipaka uso mzima. Sina neno baya la kusema juu ya liwa. Inapoza, inanukia, na kwa saa moja nilijiona mwari. Bahati mbaya hiyo ndiyo saa aliyochagua mjumbe wa harusi kuja kuchukua mchango. Alikabidhiwa pesa na mwanamume mwenye uso wa manjano uliopasukapasuka, na nikicheka vinaanguka vipande. Alihesabu noti zake akiwa tayari mlangoni.

Mwisho nilikwenda duka la dawa Ukunda. Kabla ya kufika hapo unapita meza za mitumba ya urembo, vikopo visivyo na maandishi, na muuzaji anayekuapia kwamba madoa yataondoka kwa siku saba. Humo mara nyingi mnakuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Shirika la Viwango la Kenya limevipiga marufuku vipodozi vya namna hiyo tangu miaka ya 1990, na steroidi yenyewe ukiizoea huleta chunusi mpya juu ya zile ulizotaka kuziondoa. Nikapita.

Dada wa dukani alinitazama kama fundi anayetazama gari kuukuu. Aliuliza zinawasha? Haziwashi. Akasema afadhali, kwa sababu vipele vidogo vinavyolingana ukubwa na vinavyowasha, hasa kifuani na kwenye paji la uso, pengine si chunusi bali ni kuvu, na kuvu huchekelea dawa za chunusi. Na vile vinavyotokea shingoni jua likizidi ni harara tu, dawa yake ni kivuli. Halafu akaweka mbele yangu mirija miwili ya benzoili peroksaidi, mmoja wa asilimia 10, mwingine wa 2.5. Mkono wangu ulikwenda kwenye 10 wenyewe. Akaurudisha. Ile ndogo, akasema, inafanya kazi karibu sawa na kubwa, na haichomi kama kubwa. Nioshe uso asubuhi na usiku kwa sabuni isiyokwaruza, nipake kidogo, nisubiri wiki kadhaa, nisitumbue. Alipokuwa ananirudishia chenji alisema pia jambo kuhusu nguo za rangi, lakini tuktuk ilikuwa inapiga honi.

Dawa ilifanya kazi. Ulipokaribia mwezi wa pili, mashavu yalikuwa yametulia na uso umekauka kidogo. Nyumbani wakashtuka. "Mjukuu wangu umepauka," Bibi akasema, akanishika kidevu. "Huko hotelini hawakupi chakula?" Usiku alikuja na kikopo chake cha mafuta ya nazi, akanipaka nikiwa usingizini, kwa mapenzi kabisa. Baada ya siku chache paji la uso lilikuwa limerudi hali yake ya zamani. Nikamweleza kwamba mwaka uleule wa 1970, Marekani, daktari Kligman na wenzake wawili walieleza jinsi mafuta mazito ya nywele yanavyoziba ngozi ya paji la uso na kuleta chunusi, na kwamba mafuta ya nazi nayo ni ya kundi hilo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Kligman," akauliza, "alikuwa na mke?"

Sasa nirudi kwenye nguo za rangi. Wakati wa joto hatujifuniki shuka, tunajifunika leso, na mimi nilikuwa najifunika ya mama, ya buluu iliyokolea, yenye jina JIRANI HANA WIVU NI NDUGU. Mimi hulala kwa ubavu, shavu juu yake. Benzoili peroksaidi huua vijidudu vya chunusi kwa oksijeni, na oksijeni hiyohiyo hula rangi ya kitambaa kama jiki. Ndiyo maana taulo za hoteli, nyeupe zote, hazikuwahi kunishtaki. Usiku baada ya usiku shavu langu lililalia palepale, juu ya neno HANA. Mama aliifua bila kuisoma, akaianika upande wa njia, ikielekea kwa jirani: JIRANI, kisha doa la rangi ya chungwa, kisha WIVU NI NDUGU.

Kwetu leso haianikwi bure. Jirani aliisoma, akaisoma tena na shoga yake, na mahamri ya Ijumaa yakakoma kuvuka ua. Salamu zikawa fupi. Mama aliumiza kichwa akitafuta alichokosa, mpaka Bibi akaenda kwenye kamba ya nguo na miwani yake, akarudi ameshika kiuno kwa kicheko. Ikabidi niende mwenyewe kwa jirani na mrija mkononi, nieleze kemia yote mbele ya wanawake waliokuwa wakisukana, nikigeuza shavu huku na huku kama ushahidi.

Jirani hakusema kitu. Aliingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na leso yake mpya, haijapindwa pindo. Akaitandaza juu ya mkeka: MKE MWENZA SI ADUI. Akaweka kidole juu ya SI.

"Hili moja tu," akanong'ona. "Harusi ni Jumamosi, na yeye kaalikwa."

Nikamwambia, mama, haiwi hivyo, dawa hii hutaka siku nyingi, na shavu la mtu juu yake.

"Basi lete shavu, mwanangu. Nitalilipia."