Nyumbani Kwetu Kibaki Bado Yuko Ikulu

Port Reitz ukitaka fundi wa bomba utaambiwa amekwenda Miritini, ujaribu kesho. Ukitaka mwashi utamngoja mpaka mvua inyeshe. Lakini taja tu hadharani kwamba kompyuta yako ya nyumbani imekuwa nzito, washauri watakuwa wamejaa uani kabla hujamaliza kusema. Muuza mahamri anajua ni virusi. Jirani yangu, dereva wa lori la makontena, anajua ni prosesa, na prosesa kwake ni injini, na injini ikishachoka haina dawa. Shemeji yangu anajua kuwashinda wote, kwa kuwa aliwahi kuwa askari wa mlangoni katika duka la simu huko Dubai, na elimu, kama moshi wa udi, huingia nguoni hata kwa aliyesimama nje.

Mgonjwa mwenyewe ni kompyuta ya mezani niliyoinunua kwenye mnada wa ofisi moja ya wakala wa forodha iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha tatu, kile kilichotoka mwaka 2012. Memori ni gigabaiti 4. Diski ni gigabaiti 500, ya aina ile yenye sahani inayozunguka na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta ulichoandika. Mke wangu ameifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, na ikiwa imezimwa wageni wengine hudhani ni redio ya marehemu babu.

Ikiwashwa hawadhani tena. Feni huanza kunguruma, ndege nayo inashuka juu ya mabati yetu kwenda kutua uwanja wa Moi, na kwa muda huwezi kujua kelele ni ya nani. Ndege hutua, abiria wakashuka, wakachukua mizigo yao. Sisi bado tunatazama kile kiduara kinachojizungusha kwenye skrini. Maisha tumeyapanga humo humo. Mke wangu hubonyeza kitufe akabandika chai. Chai inachemka, inachujwa, inapoa kiasi cha kunyweka, ndipo alama za programu zinapochomoza moja moja, kwa kusitasita. Ukiwa na pupa ukabofya mara mbili, inafungua programu mbili, halafu inakaa kuzitazama. Mamangu, anayeishi nasi, husema ndicho kitu pekee cha kisasa chenye adabu.

Uzito wa miguu tungeuvumilia. Kilicholeta maneno ni kupotewa na akili. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri bapa ya ukubwa wa sarafu, ile ya CR2032, ambayo kazi yake ni kushika saa na tarehe wakati umeme haupo. Yetu ilikufa. Tangu hapo kila stima ikipotea, na huku kwetu stima huondoka bila kuaga, mashine huamka ikiamini kwa dhati kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2012. Kwa hesabu yake Mwai Kibaki bado yuko Ikulu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe bado kinasafisha mafuta. Reli ya SGR haijachimbiwa hata shimo moja, na binti yangu wa chuo ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza.

Kuishi na mzee anayeamini Kibaki ni rais si tabu. Tabu ni kumtuma nje. Tovuti za siku hizi hubeba cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine iliyoko mwaka 2012 ikioneshwa cheti cha juzi, inaona kimetoka katika wakati ambao haujafika. Inashtuka, inakufungia mlango, na kukuandikia onyo kwamba huenda kuna mtu anataka kukuibia. Sasa fikiria hayo usiku wa tarehe 30 Juni. Nusu ya Kenya imo kwenye iTax kuwasilisha ritani, atakayechelewa ana faini isiyopungua shilingi 2,000, nawe kompyuta yako inakukinga na mtu wa kodi kwa moyo wake wote. Nilimsomea mamangu lile onyo neno kwa neno. Akaniuliza, “Sasa imekosea wapi?”

Ritani niliipeleka kwa simu ya mke wangu, na kikao kikaitishwa.

Shemeji alitoa hoja kwamba kitu kikizeeka hutolewa, kisha akanipeleka mjini anioneshe. Mpya ya maana ilikuwa haishuki shilingi 50,000, kwa hiyo tulipita mbele ya duka hilo kwa mwendo wa watu wenye shughuli nyingine. Tukaingia kwenye zile za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza. Zilikuwa zimepangwa rafuni mpaka darini, zimepigwa rangi ya kung’aa, na ile niliyochaguliwa ilikuwa bado na stika ya maktaba ya shule fulani ya Uingereza inayowataka wanafunzi wasile karibu nayo. Bei, shilingi 22,000. “Mzee, hii imetoka Uingereza moja kwa moja,” kijana wa duka aliniambia, kana kwamba hapo mazungumzo yameisha.

Mimi mtu wa Port Reitz siwezi kutishwa na hilo. Mtaa wetu wenyewe unabeba jina la Luteni Reitz, aliyeletwa huku na Waingereza wenyewe. Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alimwacha Mombasa mwaka 1824 kusimamia ulinzi aliowaahidi Wamazrui, watawala wa mji. Homa ya huku ikammaliza mwaka huohuo, na ulinzi wenyewe haukuvuka 1826. Dhamana ya vitu vya ex-UK katika pwani hii ninaijua.

Nikamuuliza kijana hiyo ni kizazi cha ngapi.

“Cha sita, mzee.”

Hapo nilisimama sawasawa. Microsoft ilitangaza kwamba Windows 10 haitapewa tena marekebisho ya usalama ya kawaida baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 nayo ina masharti ya mlangoni: kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ofisi za ng’ambo hazihitaji kupigwa kiboko ili zitoe mashine zao nje kwa sababu ya namna hiyo, nazo mashine hazijui kwingine kwa kwenda ila kwetu. Lakini kwenye skrini ya ile ya maktaba palikuwa na Windows 11, inameremeta.

“Imeingiaje?”

“Imeingia tu.”

Basi tukaelewana. Nilitakiwa nitoe shilingi 22,000 kuondoa mashine iliyofungiwa mlango, nilete mashine iliyofungiwa mlango uleule, na cha ziada ni stika ya kunikataza kula. Shemeji alikasirika njia nzima mpaka tukavuka Makupa. Alikuwa ameshaahidiwa kitu kidogo na yule kijana, sikumuuliza, lakini mtu hanuni hivyo kwa ajili ya kompyuta ya shemejiye.

Binti yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, ndiye aliyenitajia mshtakiwa wa kweli. Mwaka 1995 profesa wa Uswisi Niklaus Wirth, yule aliyeunda lugha ya Pascal, aliandika makala ya kulalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Mwaka 1995! Watu wengi mtaani kwetu walikuwa hawajashika hata simu ya mkononi, naye ameshatuonea huruma. Nilifurahi kama mtu aliyepatiwa wakili. Nikajiambia: mashine yangu haijapunguza mwendo. Hesabu ilizopiga mwaka 2012 inazipiga leo kwa kasi ileile. Kurasa ndizo zilizonona. Unafungua gazeti kutafuta matokeo ya timu ya Bandari: yanashuka matangazo, inafuata video inayojicheza yenyewe, kisha kisanduku cha kukuomba ruhusa ya jambo usilolijua, na mwisho kabisa habari yenyewe, mistari mitatu, kwamba mechi imeahirishwa.

“Baba, weka SSD, ongeza memori, na uweke Linux. Ni bure,” binti alisema.

Mombasa vya bure ni jua na ushauri, nami vyote viwili vilikuwa vimenitosha. Lakini hesabu yake ilisimama vizuri: diski ya SSD ya gigabaiti 240 shilingi 3,200, memori nyingine ya gigabaiti 4 shilingi 1,500, na betri, ile iliyomrudisha Kibaki Ikulu, shilingi 80. Mamangu alikuwa na swali moja tu, ambalo wasomi wote tulilipuuza: “Hiyo mmeipangusa lini?”

Fundi ana kibanda chake Magongo, kando ya duka la vipuri vya tuktuk. Alilegeza skrubu, ambazo ncha zake zilikuwa zimeota kutu kwa hewa ya chumvi, akavuta bati la ubavuni, akanyamaza. Kisha akawaita wenzake. Vumbi lilikuwa limejishonea blanketi juu ya feni ya prosesa, zito, la kijivu, lenye unyevunyevu. Ukilivuta linakuja zima. Kwenye pembe ya joto, karibu na kisanduku cha umeme, mjusi kafiri alikuwa amegandisha mayai yake mawili, meupe, kila moja kama punje ya mbaazi. Sisimizi nao walikuwa na njia yao rasmi ya kuingia na kutoka. Fundi alinieleza kwamba prosesa ikishindwa kupumua inajipunguza kasi yenyewe kwa makusudi isije ikaungua, kwa hiyo sehemu ya uzito wetu wa miaka yote ilikuwa ni joto tu. Nilimpigia mamangu simu nikamweleza. Hakujisifu. Aliuliza kama feni ya dari nayo nimeiangalia.

Zilizobaki zilikuwa kazi za kawaida. Mkono wa diski ya zamani ulistaafishwa, kwa sababu SSD haina kinachozunguka wala kinachokimbia. Binti akaweka Linux Mint, akamwonesha mamake daftari lake la oda za vitambaa linavyofunguka humo bila kupoteza hata jina la mdaiwa mmoja. Mashine sasa inawaka huku ndege ikiwa bado haijagusa ardhi.

Nyumba imeharibika. Chai haibandikwi kwa wakati, kwa maana hakuna tena cha kungojea. Mtoto wa mwisho, ambaye kazi yake ilikuwa kuisahihishia mashine tarehe kila stima ikirudi, na ambaye kwa kazi hiyo alikuwa akilipwa peremende, amewasilisha malalamiko. Kisingizio cha “kompyuta ilikuwa haijafunguka,” kilichowasaidia watoto wote wa ploti hii mbele ya walimu wao, hakipo tena, na wananitazama vibaya nikipita.

Shemeji alikuja Jumapili. Alikaa, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Akasema sasa ndiyo imekuwa na bei, mwenye akili angeiuza haraka kabla haijarudi kuharibika, na kwa kuwa sisi ni ndugu yeye yuko tayari kutoa shilingi 8,000 taslimu. Mke wangu, bila kuinua macho kwenye sindano yake ya kufumia, akamwuliza kakake kama hizo ni pamoja na kitambaa.